Kisanduku Namba Kumi na Saba

Baba yangu alikuwa hawezi kumaliza kucheka. Anaanza vizuri tu, kicheko kinapanda, halafu kikifika katikati kikohozi kinakidaka na kila kitu kinakatika, kama redio umeme ukienda. Machozi yanamtoka, mkono unatafuta ukuta wa kushika. Nyumbani tulishazoea. Mama akiwa na kisa cha kuchekesha alikuwa anasubiri kwanza mzee ameze alichonacho mdomoni.

Ni sigara. Alizivuta miaka ishirini na sita, na hakuwa mvutaji wa kubembeleza, alizivuta kama mtu aliyeajiriwa kuzimaliza. Daktari akampiga picha ya kifua, akaibandika kwenye taa, akamwambia, "Mzee, hapa sina maneno mazuri. Ukiendelea hivi, utafika mahali kufunga viatu itakuwa kazi ya siku nzima." Mzee akarudi nyumbani, akavua viatu, akavitazama kwa muda mrefu. Kesho yake akaanza kuacha.

Huko kuacha kwenyewe, we acha tu. Alitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Alimung'unya pipi. Alijifunga mpira mkononi, kila hamu ikija anauvuta unamchapa. Siku ya nne alimfokea mama kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Siku ya tano nikamkuta nyuma ya nyumba na sigara, amechuchumaa kama mtoto aliyeiba sukari. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu, na mimi kutosema kitu ni habari ya kutangazwa.

Kwa sababu mimi nina mdomo. Shuleni nilikuwa msemaji mkuu wa timu ya mdahalo miaka mitatu mfululizo. Mtaani wananiita Wakili, ingawa hata cheti cha shule sijakishika bado. Nimemaliza, nasubiri matokeo, nazunguka. Kuzunguka huko ndiko kulikonifikisha kwa Mvuke.

Mvuke ni jamaa mmoja mnene, mpole, aliyekuwa anauza sigara za umeme kwenye kibanda cha vioo karibu na soko. Ni kifaa kama kalamu nene. Ndani kuna betri inayochemsha maji yenye nikotini, unavuta, unatoa mvuke, hakuna moto wala majivu. Nilimweleza habari za mzee, akachagua moja nyembamba ya rangi ya fedha, akaijaza maji ya ladha ya mnanaa, akasema, "Mwambie asiikimbize. Aivute kama anakunywa chai ya moto."

Mzee aliishika kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa uoga. Mama akamtazama, akasema, "Haya, tupigie wimbo basi." Tangu siku hiyo ikaitwa filimbi.

"Umehama kwenye kuni umeenda kwenye mkaa," mama alimwambia. "Moto ni ule ule."

"Mkaa hauna moshi," mzee akajibu.

"Una kinachoua bila kuonekana."

Daktari naye tulimuuliza. Akakuna kidevu, akasema, "Siwaambii kuwa hii ni salama. Wenzangu wenyewe wanabishana. Ninachojua ni kwamba ile ya zamani inakumaliza. Kama hii itakutoa kule, ishike. Halafu siku moja uiache na hii."

Miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja mzee hakugusa sigara. Mwezi wa nne alipanda ngazi za kwa shangazi, ghorofa ya tatu, akafika juu akagonga mlango mwenyewe. Mwezi wa sita mama alikuwa anasimulia jinsi jirani alivyomkimbiza kuku mpaka akajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Mzee akacheka. Kikapanda, kikapanda, sote tukakisubiri kile kikohozi. Hakikuja. Kicheko kikashuka chenyewe taratibu mpaka kwenye ile "ehee" ya mwisho. Mama akaweka kijiko chini.

Hicho kicheko ndicho nilikuwa nakitetea. Mengine yote niliyosema mbele ya watu yalikuwa mapambo tu.

Sasa sikia kuhusu kazi yake, maana hapo ndipo nilipoharibu. Mzee alikuwa anajaza mitungi ya gesi ya kupikia. Anauweka mtungi mtupu kwenye mizani, anafunga mpira, anafungua koki, anatazama uzito, anafunga. Halafu anachovya brashi kwenye maji ya sabuni anapaka pale kwenye koki, anainama anatazama kama kuna povu linalotokeza. Povu moja tu, mtungi unarudishwa. Watu wanadhani kazi hiyo ni nguvu. Mzee alikuwa anasema ni macho.

Getini pale kuna kabati la mbao lenye visanduku vidogo, kila mfanyakazi na namba yake. Mzee alikuwa kumi na saba. Asubuhi kabla ya kuingia unaweka humo kila kitu kinachoweza kutoa cheche: simu, kiberiti, tochi. Mlinzi, ambaye kila mtu anamwita Afande ingawa hajawahi kuwa askari, anachungulia ndani ya kisanduku, anaweka tiki kwenye fomu yake kwa kila alichokikuta, anafunga. Na filimbi mzee alikuwa anaiacha humo humo. Kila siku ya Mungu. Nilishampelekea chakula mara kibao, nimemwona kwa macho yangu akiiweka, anaifuta kwanza kwa shati kama miwani. Ni yeye mwenyewe aliyeamua. Hakuna sheria ya pale kazini iliyoitaja, maana sheria zao zilibandikwa ukutani kabla kifaa chenyewe hakijazaliwa.

Basi. Ukaja mswada. Redioni wakatangaza kwamba serikali inataka kutunga sheria ya sigara za umeme: ladha zote zipigwe marufuku, vifaa na maji yake viuzwe kwa kibali maalumu tu, na kila duka lisajiliwe upya. Kabla ya hapo kamati itapita kukusanya maoni ya wananchi. Mvuke akaniita kibandani, jasho linamtoka.

"Wakili, hicho kibali hakuna mtu wa aina yangu atakayekipata. Nikifunga mimi, mzee wako atajaza wapi?"

Hilo swali lilinilaza na kuniamsha. Nikaandika hotuba kurasa nne. Nikamwambia mzee kwamba nitakwenda kusema kwenye kikao.

Alikuwa anapiga pasi ovaroli yake. Akasema, "Utasema nini?"

"Nitakusema wewe."

Akafikiri, pasi hewani. "Sema tu kwamba naweza kupanda ngazi za kwa shangazi yako. Inatosha."

Mimi nikaona haitoshi. Ngazi! Nani atabadilisha sheria kwa sababu ya ngazi?

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa viti vya plastiki, feni inazunguka kama imelazimishwa. Mbele kuna meza ndefu ya kamati, mwenyekiti mama mmoja wa miwani, chupa za maji, na kengele ndogo ya mezani. Kila msemaji dakika tatu, kengele ikilia unakaa. Watakaounga mkono upande huu, watakaopinga upande ule. Yaani mdahalo kabisa! Nilipoiona ile kengele mwili wangu ukaamini tuko shuleni.

Na kama vile haitoshi, anayeongoza upande wa pili ni nani? Mwalimu. Mwalimu yule yule aliyenifundisha mdahalo. Akanipungia mkono kwa mbali, nami nikampungia, tunacheka kama wacheza karata.

Akaanza yeye. Alikuja na boksi la viatu. Akaligeuza, ikamwagika mezani rundo la vifaa: vingine kama kalamu, vingine kama vifutio, vya rangi za pipi. "Hivi nimevitoa kwenye mabegi ya watoto kwa muhula mmoja," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Embe. Keki. Pipi ya maziwa. Darasani nina mtoto wa miaka kumi na mitatu, mikono inamtetemeka mpaka kengele ya mapumziko ilie. Wanasema vifaa hivi ni vya watu wanaohama kutoka kwenye sigara. Huyu hakuhama kutoka popote. Huyu ameanzia hapa. Niambieni, huyu yeye ameacha nini?"

Watu wakainuka vitini kuvitazama. Na swali lile mimi sikuwa na jibu lake. Mpaka leo sina.

Akafuata mtu wa zimamoto. Alishika suruali yenye mfuko ulioungua mpaka kwenye goti. "Betri ililipuka. Mwenye suruali alikuwa amekaa tu, anasubiri kunyolewa." Akaiacha suruali pale mezani, ikawa inatutazama.

Nikaitwa. Nikaanza na ngazi. Niseme kweli, nilizisema vizuri, nikakieleza na kile kicheko. Lakini mwenyekiti haandiki. Mjumbe mmoja anasoma simu chini ya meza, mwingine anapiga miayo. Nikaongeza sauti: "Kitu hiki hakihitaji fomu! Hakihitaji kibali! Kiacheni kama kilivyo, hakijaandikwa popote na hakijamdhuru mtu!" Upande wangu wakagonga viti, lakini macho ya kamati yako kwenye ile suruali. Nikatazama saa ya ukutani. Sekunde arobaini.

Na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa anatufundisha. Alikuwa anatuambia, hoja isiyo na mfano hai inasinzia. Mfano ukiwa mdogo, tia chumvi kidogo, majaji hawana muda wa kwenda kuhakiki. Tulikuwa tunashinda hivyo. Nilishawahi kumzulia bibi yangu ugonjwa, nikamzulia jirani mapacha, na kikombe tukapewa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, na nikaisogelea meza, nikaishika ile suruali, nikaiinua juu. "Tunatishwa kwa suruali! Baba yangu anajaza mitungi ya gesi. Gesi, waheshimiwa! Mahali ambapo hata kiberiti hakivuki geti. Na hiki kifaa kiko mfukoni mwake kila siku, kutwa nzima, katikati ya mitungi mia mbili! Kingekuwa cha kulipuka kama tunavyoambiwa, leo tungekuwa tunajadiliana hapa au tungekuwa tunafagia majivu ya mtaa mzima?"

Ukumbi ukalipuka wenyewe. Vicheko, makofi, viti vinagongwa, Mvuke amesimama anapiga mluzi. Kengele ikalia juu ya makofi. Na mwenyekiti, nilimwona kwa macho yangu, akainamisha kichwa akaandika.

Nilirudi kwenye kiti natembea hewani.

Mwalimu alinisubiri mlangoni. "Hongera," akasema. "Sekunde arobaini, hukupoteza hata moja." Halafu akapunguza sauti. "Ile ya mfukoni ni kweli?"

Nikacheka. "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha chumvi?"

Yeye hakucheka. Alikuwa amekumbatia boksi lake la viatu. "Pale hapakuwa na majaji, mwanangu. Pale wanaandika."

Siku mbili baadaye mzee alirudi nyumbani saa tano asubuhi. Buti zake za kazi amezibeba kwenye mfuko wa plastiki, miguuni kavaa kandambili za kuoga za pale kazini. Akakaa kwenye ngazi ya mlangoni. Mama alikuwa anafua, akaacha nguo kwenye povu.

"Baba watoto, kulikoni?"

"Nimesimamishwa."

Akatueleza polepole. Wakati wa chai Afande alimwita getini, "Kumi na saba, njoo umwone kijana wako!" Mtu alikuwa amerekodi hotuba yangu, imezagaa kwenye simu za watu. Wakakusanyika, wafanyakazi karibu wote, wamezunguka simu moja. "Nilipiga makofi," mzee akasema. "Ulipoinua ile suruali nilianza kupiga makofi. Kabla sijasikia unasema nini. Halafu nikaona ni mimi peke yangu ninayepiga."

Hakuwa ananisema vibaya, na hicho ndicho kilichonimaliza. Alikuwa anaeleza tu, kama anavyoeleza mtungi uliovuja.

"Mimi naingia nayo mfukoni?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Ulishawahi kuniona naingia nayo?"

"Hapana."

"Basi uliitoa wapi?"

"Ilikuwa... ilikuwa hoja tu, baba."

"Hoja," akasema. Akairudia tena taratibu, kama mtu anayeonja mboga iliyolala. "Hoja."

Mama ndiye aliyelipuka. "Mdomo huo! Tangu mtoto, mdomo huo! Nilimwambia baba yako, huyu tumtafutie kazi ya kupiga mbizi, huko chini watu hawaongei!" Halafu akakaa chini pale pale na mikono yake ya povu, akaanza kulia.

Kikao cha nidhamu kikapangwa wiki iliyofuata. Mimi nikakimbilia kwa Mwalimu, nikamwomba aandike barua kueleza kwamba nilitunga. Hakunikaripia hata kidogo. Aliandika mbele yangu, akafuta, akaandika tena, akasema, "Kosa hili ni la kwangu pia." Nikaibeba kama yai.

Ofisi ya msimamizi ilikuwa kachumba ka bati kenye feni na harufu ya ile gesi. Yeye mwenyewe si mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya. Alimwambia mzee, "Karibu ukae, mzee wangu," akanipa na mimi kiti. Akasoma barua ya Mwalimu mara mbili.

"Mwalimu anathibitisha kwamba wewe hutia chumvi," akasema, "na kwamba ni yeye aliyekufundisha. Sawa. Nikuulize. Mbele ya kamati ya serikali ulisema kweli au uongo?"

"Uongo."

"Na hapa?"

"Hapa kweli."

"Nitazitofautisha vipi? Maana sauti ni hiyo hiyo."

Nikafungua mdomo. Mara ya kwanza maishani nikakuta hamna kitu ndani.

"Iko njia," mzee akasema. "Kisanduku changu. Filimbi, yaani kile kifaa, nakiacha kisandukuni kila siku. Afande anachungulia kila siku. Muulize."

Mimi moyo ukaruka. Kweli! Afande aliitwa, akaja na mafaili ya fomu zake chini ya kwapa, kofia mkononi. Msimamizi akafungua fomu ya juu. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa karibu. Ina namba za wafanyakazi upande mmoja, na juu ina safu tatu: simu, kiberiti, tochi. Basi. Hakuna safu nyingine.

"Afande, kumi na saba huacha kile kifaa cha kuvutia mvuke?"

Afande akakunja kofia. "Niliona kitu kama kalamu, bosi. Mara nyingi tu."

"Kila siku?"

"Kila siku siwezi kuapa. Mimi natazama vilivyoandikwa. Hicho hakijaandikwa, sina mahali pa kutia tiki."

Hakijaandikwa popote. Niliisikia sauti yangu mwenyewe kule ukumbini, watu wanagonga viti.

"Lakini kilichoandikwa ninacho," Afande akaendelea, masikini, akidhani anasaidia. "Kumi na saba hajawahi kupitisha kiberiti. Tazama, kiberiti tiki, kiberiti tiki. Mwaka mzima."

Msimamizi akapekua, fomu moja, ya pili, ya kumi. Namba kumi na saba, safu ya kiberiti: tiki, tiki, tiki. Akainua macho. "Mzee, ulisema uliacha sigara miezi kumi na moja iliyopita."

"Niliacha."

"Na kiberiti cha nini kila asubuhi?"

Mzee akapangusa mdomo. "Kile kiberiti nilikiweka siku niliyoacha. Sikukitoa tena. Nilikuwa nafungua kisanduku nakiona, najiambia, lala humo humo. Kilikuwa kinanisaidia."

Ilikuwa kweli tupu, kweli isiyo na punje ya chumvi, na ilisikika kama uongo wa mtoto. Msimamizi alimtazama, na nadhani alimwamini. Nadhani. Lakini akasema, "Mzee wangu, makaratasi yanasema una kiberiti kila siku na hicho kingine hakipo. Mwanao anasema kingine kiko mfukoni. Nina watu thelathini na wawili humo ndani. Siwezi kuwalaza juu ya labda."

"Hata mimi nisingewalaza," mzee akajibu. Akasimama. Akamwambia Afande, "Usijali, ndugu yangu."

Nje, Afande alimkimbilia na bahasha ya kaki. Kisanduku kimepewa mtu mwingine, vitu vyake hivi hapa. Mzee akaitia mfukoni bila kuifungua.

Mswada ukapita baada ya miezi miwili. Ladha zikakatazwa, kibali kikawa lazima. Mvuke alifunga kibanda, vioo akauza. Kwenye taarifa ya kamati, Mwalimu alinionyesha, kulikuwa na mstari mmoja unaonihusu: kwamba mtoa maoni mmoja alieleza jinsi vifaa hivi vinavyoingizwa kiholela hata kwenye maeneo yenye gesi, na kwamba hiyo ni sababu tosha ya udhibiti mkali. Kurasa themanini, na ni mfano wangu huo uliokumbukwa. Sikuona ngazi wala kicheko. Mwalimu alisema anatumaini yule mwanafunzi wake wa miaka kumi na mitatu sasa atapona. Na mimi natumaini hivyo. Simfanyii utani.

Sigara zenyewe hazikuguswa. Sigara zina sheria yake tangu zamani, zimepangwa dukani karibu na biskuti kama kawaida.

Mzee alikuwa na chupa moja ya maji ya filimbi. Akaanza kuivuta kwa kupima, mara tatu kwa siku, halafu mbili. Kazi alitafuta. Akifika mahali wanauliza, "Wewe si yule wa kwenye simu?" Mtu wa gesi mwenye sifa hiyo hata duka la majiko halimtaki. Chupa ilipoisha alikuwa anavuta filimbi kavu, inatoa harufu ya kitu kilichoungua, anaitikisa sikioni, anaiweka chini. Daktari alikuwa ameshasema siku moja aiache na hiyo. Labda angeiacha, kwa wakati wake, akiwa na kazi ya kuamkia. Kukaa tu sebuleni ukiitazama saa siyo kuacha.

Jana mchana nilimkuta kwenye ngazi ya mlangoni. Bahasha ya kaki iko wazi pembeni yake. Mkononi ana kiberiti cha gesi, chekundu, cha zamani. Akakiwasha. Miezi yote ile ndani ya kisanduku, na kikawaka mara ya kwanza.

"Wakili," akasema, bila kuniangalia. "Hebu fika pale dukani."

Hakusema nikalete nini. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananituma hivyo hivyo.

Nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na picha ya kifua na maneno ya daktari, nilikuwa na ngazi za shangazi, nilikuwa na kile kicheko. Hotuba ilijipanga yenyewe kichwani, mwanzo, kati na mwisho. Nikavuta pumzi.

Mzee akainua kiganja. "Usianze. Ukianza utashinda."

Nikaenda. Mwenye duka aliniuliza, "Mzee karudi kundini?" Nikamhesabia hela. Nilirudi na mbili kwenye karatasi.

Alivuta ya kwanza akiwa amefumba macho. Mama alitokeza dirishani, akaona, akafunga pazia. Nilisimama pale mbele yake kama mtu anayesubiri hukumu. Nilitaka anitukane. Mzee akatoa moshi, akautazama ukipanda, halafu nadhani aliniona uso wangu, akanihurumia.

"Lakini ile ya kufagia majivu ya mtaa mzima," akasema, "ile, mwanangu, ilikuwa kali."

Akaanza kucheka. Kikapanda vizuri tu, kikapanda, na mimi nikawa nakihesabia pumzi, kikafika katikati, kikohozi kikakidaka. Akainama, machozi yanamtoka, mkono unatafuta cha kushika. Nikasogea upesi nimpe bega.

Mkono ukanipita, ukashika ukuta.